Pumzi, Damu na Akili

Wasikilizaji wangu watukufu, mlioko Kismayuu na visiwani, mlioko Burgao na Ras Kiamboni, nanyi ambao misukosuko ya nchi imewatawanya hadi Lamu, Mombasa na ng'ambo ya bahari,

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu ana dhana yake kulihusu, na ambalo aghalabu husemwa kwa mzaha na mara nyingine kwa kuumizana, nalo ni sehemu ambayo mwili unayo katika kazi ya akili: kama mtu mwenye siha ya viungo hufikiri vyema kuliko aliyelegea, na kama unene au wembamba wa mtu huongeza ama hupunguza fahamu yake. Nimelichagua kwa sababu katika baraza zetu makosa mawili yamekaa pamoja kwa muda mrefu bila ya mtu kuyasumbua. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kufikiri ni kazi ya mtu aliyekaa, na kwamba mwenye kutoka jasho ametoka pia katika daraja ya wenye akili. Kosa la pili ni kumtazama mtoto mnono tukamwita mzito wa kichwa, au kumtazama mwembamba tukamwita mwepesi wa kufahamu, kana kwamba akili huuzwa kwa ratili. Kwa maoni yangu mizani ni shahidi dhaifu katika shauri hili, na mashahidi walio thabiti ni wawili, pumzi na damu.

Tuanze nyumbani. Mji wetu wa Burgao, kusini mwa Somalia, ambao Waingereza waliuandika katika ramani zao kwa jina la Port Durnford kabla ya Jubaland kukabidhiwa Waitaliano mwaka 1925, umekaa kando ya hori iliyozungukwa na mikoko, na riziki ya watu wake tangu zamani imetoka katika mambo mawili yanayotaka mwili wenye nguvu, nayo ni bahari na boriti. Mkata boriti huingia katika tope maji yakiwa yametoka, tope likamfika magotini na mara nyingine mapajani, shoka mkononi, mbu masikioni. Na ukimtazama kwa mbali utasema huyu anatumia mikono tu. Lakini mtu huyo, kabla hajapiga shoka la kwanza, amekwisha kuutazama mti na kujua kama utatoa fito, au pau, au mazio, au boriti yenyewe, au nguzo. Amehesabu korija zake kichwani, na kila korija ni miti 20. Na amepima saa zilizobaki mpaka maji yajae, kwa kuwa dau lake halitaelea kabla ya hapo wala halitamngoja baada ya hapo. Hesabu hizo zote huzifanya huku moyo ukimpiga na kifua kikipanda na kushuka. Wala hajapata kuambiwa kwamba ni hesabu.

Nahodha naye mambo yake ni makubwa zaidi. Visiwa vyetu, Koyama na Chovai na Chula na wenzake, vimejipanga mbele ya bara pamoja na miamba iliyo chini ya maji, na milango ya kupitia ni michache, na mlango unaopitika wakati wa bamvua huenda usipitike wakati wa maji mafu. Nahodha wetu wa Kibajuni huihifadhi milango hiyo kwa kulinganisha mti huu na kilima kile, kwa rangi ya maji, kwa mlio wa wimbi kwenye mwamba, na usiku kwa nyota. Naye huzijua nyakati za mwaka kwa kuhesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, akajua lini Kusi itakapokaza na lini Kaskazi itakapolegea. Hana karatasi. Na huku akiyakumbuka yote hayo anavuta kamba ya tanga, anapiga kasia upepo ukikatika, anasimama kwa miguu miwili juu ya chombo kisichotulia.

Wazee wetu walikuwa pia na ufundi wa kumvua kasa kwa samaki mwingine, yaani chazo, ambaye Mwenyezi Mungu amemuumba na kitu cha kunatia juu ya kichwa chake. Hufungwa kamba mkiani, akaachiliwa karibu na kasa, akamnata, na mvuvi akavuta kwa kiasi kinachofaa, kwani akivuta kwa pupa chazo hubanduka, na akilegeza kupita kiasi kasa huzama na kamba. Mtaalamu wa Kiitalia, Vinigi Grottanelli, alikuja kukaa na watu wetu, na kitabu chake juu ya wavuvi wa Bahari ya Hindi kikatolewa Roma mwaka 1955, na maisha ya Wabajuni yakasomwa na watu ambao hawajapata kuiona hori yetu. Leo kasa wamepungua mno, nami sihimizi mtu kurudia uwindaji ule. Nimeutaja kwa sababu sijui kazi iliyo wazi kuliko hiyo katika kuonyesha kwamba mkono na fikira vinaweza kuwa jambo moja katika wakati mmoja.

Wanavyuoni wa kale waliliona hili bila ya vyombo vya kupimia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoandika katika kitabu chake cha tiba, Qanun, namna ya kuihifadhi siha, aliitanguliza riyadha, yaani mazoezi ya viungo, kisha akafuatisha chakula, kisha usingizi. Na mtu aliyejaza vitabu vyote vile hawezi kushukiwa kwamba aliithamini misuli kuliko fikira. Nasi Waislamu tumefundishwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kula na aigawe nafasi ya tumbo lake, theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Theluthi hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisahau.

Sasa niwaeleze kwa nini pumzi ina haki hiyo. Ubongo wa mtu mzima, kwa uzito, ni sehemu 2 tu katika 100 za mwili wake, walakini hutumia takriban sehemu 20 katika 100 za oksijeni ambayo mwili mzima unaihitaji unapokuwa umetulia. Nao hauna ghala ya maana ya kuwekea akiba, bali huishi kwa kile ambacho damu inauletea sasa hivi, hata damu ikikatika kwa dakika chache seli zake huanza kufa. Basi mtu ambaye moyo wake umezoea kazi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa yake hunyumbuka, na mapafu yake humpa oksijeni bila ya kuhangaika, na faida hiyo haiishii miguuni mwake. Fauka ya hayo, mwili unapotembezwa kwa bidii hutengeneza protini zinazozilisha seli za fahamu, zikazisaidia kuishi, na kuungana zenyewe kwa zenyewe. Na kuungana huko ndiko msingi wa kujifunza.

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, pana sehemu ndogo ambayo wataalamu huiita hipokampasi. Hapo ndipo kumbukumbu mpya zinapofungwa kabla ya kuhifadhiwa, na hapo ndipo mwanadamu anapotunza sura ya njia na mahali. Mtu akizeeka sehemu hiyo hupungua, na hafidha hupungua nayo, na watu wengi walidhani hiyo ni kudura isiyokuwa na mlango wa kutokea. Mwaka 2011 mtaalamu wa Marekani, Kirk Erickson, na wenzake, walitoa habari za wazee 120 ambao nusu yao walitakiwa watembee kwa haraka dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa mwaka mmoja, na nusu ya pili wakawa wakijinyoosha viungo tu. Mwisho wa mwaka walipopigwa picha za ubongo, wale waliojinyoosha walikutwa hipokampasi zao zimepungua kidogo kama ilivyotarajiwa. Za wale waliotembea zilikuwa zimeongezeka kwa kiasi cha sehemu 2 katika 100, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo hafidha yao ilivyokuwa bora. Nawaombeni mlitafakari jambo hilo. Kutembea tu, katika umri wa kuwa na wajukuu, bila dawa na bila gharama, kulirudisha nyuma upungufu wa mwaka mmoja au miwili.

Kabla ya hapo, mwaka 2000, mtaalamu Eleanor Maguire wa London alikuwa ameonyesha kwamba madereva wa teksi wa mji ule, ambao kabla ya kupewa leseni hulazimika kuzihifadhi njia elfu nyingi kichwani, sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi zaidi ndiye aliyekutwa nayo kubwa zaidi. Basi mambo mawili yanaulisha mlango huo wa kumbukumbu: mwendo wa mwili, na kazi ya kushika njia. Dereva wa London hufanya la pili akiwa amekaa. Wale wazee wa Marekani walifanya la kwanza. Nahodha wa Burgao aliyafanya yote mawili kila siku ya maisha yake mpaka nguvu zilipomwishia, na ndiyo maana huwa nasikia uchungu mtu aliyesoma vitabu vitatu anapomtaja nahodha kuwa mjinga kwa sababu hajui kuandika jina lake.

Kwa nini mwendo ulishe akili? Mtaalamu David Raichlen, ambaye amewachunguza Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi huko Tanzania, anaona kwamba ubongo wa mwanadamu umezoea tangu kale kufanya kazi yake kubwa wakati mwili unakwenda, kwa maana mwenye kutafuta asali, mizizi na wanyama hutembea masafa marefu na huku akikumbuka, akichagua na akiamua; na ubongo usipodaiwa kazi hiyo hupunguza nguvu zake, kama mwili unavyopunguza kila kisichotumika. Mimi nakubaliana naye. Wahadzabe kwa siku moja hutembea na kufanya kazi ya kutoa pumzi kwa zaidi ya saa mbili, nao hata wazee wao ni watu wa mwendo.

Na hapa ndipo mizani inapoanza kuonyesha udhaifu wake. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu ambayo Wahadzabe hao hutumia kwa siku nzima, wakitumaini kuikuta kubwa sana, kumbe, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, haikutofautiana na ya watu wa Ulaya na Marekani wanaokaa maofisini. Yaelekea mwili unaotembea sana hujifunza kubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo mtu anayeanza kutembea kila alasiri kwa ajili ya kupunguza uzito peke yake, akapanda mizani baada ya miezi mitatu na kukuta sindano haikusogea, huvunjika moyo na kurudi kitandani, ilhali mishipa yake ilikuwa imekwisha kulainika, moyo wake umepata nguvu, usingizi wake umetulia, na ubongo wake umekwisha kuanza kunufaika. Mizani haikumwambia lolote katika hayo. Watu wengi wameacha jambo la kheri kwa ushahidi wa chombo hicho.

Hata hivyo sipendi mtu aondoke hapa akidhani kwamba uzito si kitu. Mafuta yanayokusanyika tumboni, yaani kitambi, hasa kwa mtu aliye katikati ya umri wake, si akiba iliyolala. Hutoa kemikali zinazoudhi mwili mzima, huufanya mwili usiisikie insulini, na hivyo hufungua mlango wa maradhi ya sukari na shinikizo la damu, na maradhi hayo mawili huharibu mishipa midogo midogo, na hakuna mahali penye mishipa midogo inayotegemewa kama ubongoni. Baraza la wataalamu lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya maradhi ya wazee kupotewa na akili, na miongoni mwake yamo unene wa kupita kiasi, kukaa bila ya mazoezi, sukari, shinikizo la damu na sigara. Tusiseme hayo ni maradhi ya Wazungu. Katika Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, walipochunguzwa wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, walipatikana kama 6 katika kila 100 wenye maradhi hayo ya kupotewa na akili; na shinikizo la damu walikutwa nalo wazee wengi mno wa wilaya hiyo, na wengi wao hawakuwa wakijijua.

Lakini angalieni jinsi mambo yanavyogeuka kwa umri. Unene wa miaka ya 40 na 50 ni hatari kwa akili ya miaka ya 70. Na mzee akiwa amekwisha kufika 70 au 80, jambo la kutiwa wasiwasi huwa ni kukonda, kwa kuwa kupungua uzito bila sababu huweza kuitangulia ile hali ya kupotewa na akili kwa miaka kadhaa. Basi namba moja ya mizani ina maana moja kwa kijana, ya pili kwa mtu wa makamo, ya tatu kwa mzee. Na zaidi ya hapo, mtu mnono anayetembea, anayepanda ngazi bila ya kuhema, mwenye damu iliyopimwa ikakutwa na sukari ya kiasi, yu katika hali bora kuliko mwembamba anayeshinda barazani akitafuna miraa na kuvuta sigara, ambaye wembamba wake watu huusifu. Kumtukana mtu kwa mwili wake ni dhambi. Pia ni kosa la elimu.

Nimewataja tangu mwanzo wale waliotawanyika, na sasa nataka kukaa nao kidogo. Vita vilipozuka mwaka 1991 watu wetu walipanda vyombo vyao wakakimbilia Kenya, wengi wakakaa kambini Jomvu, Mombasa, na baadaye baadhi wakafika Uingereza na nchi nyingine za baridi. Watu wameandika juu ya nyumba zilizopotea na jamaa waliokufa, na ni haki kuandika. Lililosemwa kidogo ni kwamba walipoteza pia mwendo. Mtu aliyekuwa akivuta jarife alfajiri na kutembea ufukweni alasiri alijikuta ndani ya chumba cha ghorofa ya nane, katika mji ambao jua lake huzama saa kumi ya alasiri wakati wa baridi, asiyejua lugha ya majirani, na anaogopa kutoka asipotee. Chakula chake kikabaki kile kile cha mvuta kamba, wali wa nazi na chai ya sukari nyingi, lakini kamba ya kuvuta haipo. Akapata sukari, akapata presha, akaanza kusahau, na watoto wake wakasema ni uzee. Huenda ni uzee. Lakini mimi naona kwamba mzee huyo amenyimwa vitu vyote viwili vilivyokuwa vikiilisha hafidha yake, mwendo wa miguu na kazi ya kushika njia, na vyote viwili vinaweza kurudishwa kwa kadiri fulani na kijana mmoja mwenye huruma, atakayemchukua babu yake kutembea mitaa miwili, na juma la pili mitaa mitatu, na kumwachia babu aongoze njia ya kurudi.

Kina mama nao wana shauri lao. Bibi zetu walitwanga kwa kinu na mchi, wakateka maji kisimani, wakasuka makuti, wakatembea kwenda makondeni; na leo mama wa mjini hununua unga uliosagwa, maji yanamfikia kwa punda au kwa mfereji, na heshima ya nyumba humtaka asionekane sana nje. Raha hiyo ni neema na sitaki imwondokee. Lakini mwili haukuarifiwa kwamba mambo yamebadilika. Ikiwa desturi inazuia kutembea peke yake, basi watoke watatu au wanne baada ya alasiri, wamejisitiri, wakiongea yao. Na nyumba ambayo wanaume wake wanaliona hilo kuwa ni aibu, wajiulize ni aibu gani inayopita kumwacha mama yao apofuke kwa sukari.

Nimeliweka la watoto hadi sasa kwa kuwa ndilo linalonisumbua zaidi, na kwa kuwa katika pwani yetu hatari kubwa ya mtoto bado si kitambi, bali ni ukondefu. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia, na watoto waliokuwa wadogo wakati ule wamekuwa vijana sasa. Mtoto akikosa chakula katika miaka miwili ya mwanzo ubongo wake hujengwa kwa upungufu, na urefu wake ukidumaa si urefu peke yake uliodumaa. Na kuna upungufu mwingine usioonekana kwa macho wala kwa mizani, nao ni upungufu wa damu. Katika kisiwa cha Pemba, ambacho watu wake ni wavuvi na wakulima kama sisi, mtaalamu Rebecca Stoltzfus na wenzake walitoa mwaka 2001 matokeo ya uchunguzi wa watoto 614 walio chini ya miaka mitano, ambao baadhi yao walipewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima. Waliopewa chuma waliendelea vyema zaidi katika kusema, na wale ambao damu yao ilikuwa chini kabisa waliendelea vyema pia katika kutambaa, kusimama na kutembea. Basi ulimi na miguu ya mtoto vilikuwa vikiingoja damu moja. Mtoto yule aliyeitwa mvivu wa kusema hakuwa mvivu.

Lakini mzazi asikimbilie dukani kununua vidonge. Katika kisiwa hicho hicho ulifanywa uchunguzi mwingine, mkubwa zaidi, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2006: watoto waliopewa chuma bila ya kutenganisha wenye upungufu na wasio nao, mahali ambapo malaria ilikuwa nyingi, waliugua vikali au kufa zaidi, hata sehemu hiyo ya uchunguzi ikasimamishwa kabla ya muda wake. Dawa ya damu hutolewa na mganga baada ya kupima damu. Kilicho mkononi mwa mzazi ni chandarua, ni viatu vya kumkinga mtoto na safura, ni dagaa na samaki, ambao Mungu ametupa na ambao twauza wote kwa pupa ya fedha na kuwalisha watoto wetu tambi kavu.

Wala chakula peke yake hakitoshi. Huko Jamaica, Sally Grantham-McGregor aliwafuata watoto 129 waliodumaa katika mji wa Kingston. Wengine walipewa maziwa, wengine walitembelewa kila wiki na mtu aliyewafundisha mama zao namna ya kucheza na kuongea nao, wengine wakapata yote mawili. Matokeo ya miaka ya mwanzo, yaliyotolewa mwaka 1991, yalionyesha faida katika yote, lakini faida iliyodumu ilikuwa ya mchezo na maongezi. Na walipofika umri wa miaka 22 wale waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa robo. Bibi anayemrusha mjukuu magotini na kumtegea kitendawili anafanya kazi ambayo serikali ingestahiki kuilipia mshahara.

Kwa watoto wa shule mambo ni hayo hayo. Charles Hillman, aliyekuwa wakati ule katika Chuo Kikuu cha Illinois, alionyesha mwaka 2014 kwamba watoto wa miaka 7 hadi 9 waliopewa saa za michezo baada ya masomo kwa miezi 9 walizidi wenzao katika uwezo wa kukaza fikira na kuacha yasiyowahusu. Na sisi, mtihani ukikaribia, la kwanza tunalomnyima mtoto ni mpira. Naomba walimu wa Kismayuu, na walimu wa madrasa visiwani, walifikirie hili kwa dhati: nusu saa ya kukimbia kabla ya darasa la alasiri haiibi kitu katika somo, na mtoto anayeyumba yumba akikariri sura tangu asubuhi bila ya kunyoosha miguu hahifadhi zaidi, bali huchoka zaidi.

Nimeulizwa kabla ya mazungumzo haya, mtu atajuaje kwamba mwendo wake unatosha, hali hana saa wala chombo cha kupimia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limesema mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mtoto dakika 60 kila siku. Na kipimo cha wastani kila mtu anacho kifuani mwake: tembea kwa kasi ambayo utaweza kuongea na mwenzako bila ya taabu, lakini ukitaka kuimba pumzi ikukatalie. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Ukishindwa kusema, punguza. Mwenye presha, au sukari, au aliyepata kuumwa na kifua, apimwe kwanza, aanze kwa dakika 10, na aende na mtu mwingine. Na mwenye miguu inayouma anaweza kuingia majini mpaka kiunoni wakati maji yametulia akatembea humo humo, kwa kuwa bahari humpunguzia uzito na kumwongezea kazi kwa pamoja, na sisi wa pwani tunayo mlangoni.